Kikapu Kilichoshuka Alasiri

Leo ni siku ya hamsini na tatu tangu mume wangu Nassor afariki. Nimekaa eda katika nyumba yetu ya Tunguu, nimevaa nyeupe, sijitii manukato, na nyuma ya chumba changu kuna banda la mabati zilipo gari zake nne. Mume wangu hakununua gari mpya hata siku moja maishani mwake. Alikuwa akiokota zile ambazo wenyewe walishachoka nazo, zimeota kutu nyuma ya nyumba za watu, kuku wanatagia ndani, akazihangaikia mwaka au miaka miwili, kisha Jumapili moja akaoga, akavaa kofia, akatoka nayo kwenda kunywa madafu Bungi na wenzake wenye wazimu kama wake. Wenzake hao wanaendelea kuja kila Jumapili. Hawanioni wala siwaoni, lakini nasikia wanavyomsaidia mwanangu Hamdani kuziwasha gari ili betri zisife. Wiki iliyopita mmoja wao alisimama mbele ya ile ya mwisho, ndogo, ya Kiingereza, ya milango miwili na rangi ya maziwa, akasema, "Yakhe, hii mbona haina hata mkwaruzo? Kwani haijawahi kuingia mjini?" Hamdani akamjibu kuwa hajui, marehemu alikuwa hapendi kuulizwa. Ni kweli alikuwa hapendi. Waliojua habari ya gari ile walikuwa mtaa mzima kule mjini, lakini wamekwenda mmoja mmoja, na baada ya Nassor nadhani nimebaki peke yangu.

Mwaka habari ile ilipoanza nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nasomea ualimu, na nilikuwa nakaa Mji Mkongwe, Sokomuhogo, kwa Mzee Hamdan na mkewe Bi Zuleikha, ambaye sote tulimwita Bi Zule. Hawakujaaliwa watoto. Walinipa chumba cha ghorofa ya kati, chembamba, chenye dari la boriti na dirisha lililokuwa karibu kugusana na la jirani, hata nikajua jirani kapika nini kabla hajapakua. Wao walikaa juu. Gari ilikuwa haiwezi kuingia kwenye kichochoro chetu. Mwisho wake ulikuwa kiwanja kidogo cha konani, na kutoka hapo mtu hutembea hatua kama arobaini mpaka mlangoni. Mzee Hamdan alikuwa na magoti mabovu, na ngazi za nyumba ile zilikuwa ndefu na wima, kwa hivyo walikuwa na mtindo wao. Kila siku baada ya sala ya alasiri, akirudi kutoka sokoni, alipiga honi pale konani, mara mbili fupi na moja ndefu. Bi Zule akiisikia tu, hata awe anafanya nini, alifungua dirisha na kushusha kikapu kwa kamba. Mzee akija taratibu na magoti yake alikikuta kikapu kinamngoja usawa wa kifua. Alitia samaki, mboga na mikate, akavuta kamba mara moja, kikapu kikapanda. Yeye alipanda nyuma yake mikono mitupu, na akifika juu chai ilikuwa ishamiminwa. Honi yenyewe ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, haikufanana na nyingine mjini, na mimi nilikuwa nikicheka kila nikiisikia.

Mzee ndiye aliyeniambukiza mapenzi ya gari. Ijumaa asubuhi alinichukua mpaka konani, akafungua boneti, akanionyesha pa kutia maji na namna ya kupima oili. "Usiogope kuchafuka, Mwanahawa," alikuwa akisema, "uchafu huu unatoka kwa sabuni." Enzi zile msichana kainama juu ya injini lilikuwa jambo la kutazamwa, na wazee wa barazani walinitania wakiniita Fundi Bibi. Kisha siku moja injini ikakwama, ikagoma kabisa, gari ikakokotwa mpaka Mbweni, uani kwa mama yake Nassor. Nassor ndiye aliyekuwa fundi wa gari ile siku zote. Mzee akasema ataitengeneza akipata nguvu, lakini nguvu zenyewe zikawa zinapungua. Baada ya mwaka alifariki, saa nne za asubuhi, mkono wake umo mkononi mwa mkewe, na mimi nimesimama mlangoni na bakuli la uji.

Bi Zule akaingia eda siku ile ile. Miezi minne na siku kumi, hatoki nje bila dharura, hajipambi, haonani na wanaume wasiokuwa maharimu wake. Dirisha la upande wa kichochoro alilifunga mwenyewe, akatia komeo, na kikapu akakitundika msumarini. Wiki ya tatu nilipompelekea chai aliniambia, bila ya kunitazama, "Mwanahawa, siku ntakayotoka nataka nitoke na ile gari yake. Nikae pale mbele nlipokuwa nikikaa. Mnizungushe mpaka Mbweni, nitazame bahari, basi. Baada ya hapo iuzeni, itupeni, mie sitouliza." Alikuwa hajaomba kitu chochote kwa mtu yeyote tangu msiba. Alikuwa hali, na usiku nilikuwa nikimsikia juu ya kichwa changu akitembea kutoka ukuta mmoja kwenda wa pili. Nikamwambia, "Naam, Bi, itakuwa tayari." Sikujua naahidi nini. Nilijua tu kuwa hilo ndilo jambo pekee analolingojea, na kwamba kama halikuwa, sijui atatoka eda kwenda wapi.

Nassor alikuwa na miaka ishirini na tano, mrefu, mkimya, na alikuwa na tabia ya kuimba kaswida kwa sauti ya chini kila nati ikikataa kufunguka. Nilipomweleza haja ya Bi Zule alitoka akaenda kuitazama gari, akainua gunia lililokuwa juu yake, kuku wawili wakaruka nje. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka unaona mchanga. "Miezi minne?" akauliza. Nikamwambia mitatu na ushei. Akacheka, kisha akaenda kuleta jeki. Tangu siku ile, nikitoka chuoni saa nane nilikwenda Mbweni, na mama yake Nassor aliweka ungo wake wa mchele pale pale uani ili pasiwe na maneno. Kila tulichokifungua tulikilaza juu ya mkeka kwa mpangilio wa kukitoa, cha kwanza upande wa kibla, cha mwisho upande wa jiko, na mama alikuwa mlinzi. Kuku aliyethubutu kuukanyaga mkeka ule alikuwa kajichagulia kuwa mchuzi. Spea za gari ile zilikuwa hazipatikani Unguja. Sakafu tuliiziba kwa bati la pipa la mafuta. Gasketi nyingine Nassor alizikata kwa mkasi kutoka kwenye majalada ya madaftari yangu. Viti nilivijaza usumba mpya, nikavishona mwenyewe kwa mkono, vidole vikanitoka damu. Nilipiga msasa bodi nzima, inchi kwa inchi, na naweza kusema leo bila haya kwamba sijawahi kuwa na furaha kama niliyokuwa nayo mwaka ule wa msiba wa watu wengine.

Jioni nilirudi kwenye chumba cha eda na mikono inayonuka mafuta ya taa. Wanawake wa mtaa walikuwa wakija na sahani zilizofunikwa kawa, muhogo wa nazi, ndizi mbichi, mkate wa kumimina, wakakaa kwenye mkeka na kuzungumza kwa sauti za chini. Walikuwa wakidhani Bi Zule hasikii. "Hali huyu, mwaona?" "Na akila ni kutudanganya." "Mume wa miaka thelathini, shoga, si mchezo." Bi Zule alinyoosha shingo kunitazama mimi tu. "Imefika wapi?" Nami nilimwambia: leo tumetoa magurudumu, leo tumesafisha karbureta, leo taa moja imewaka. Siku hizo ndizo alizokuwa akila matonge mawili matatu. Siku moja nikamletea tulivyovikuta kwenye kisanduku cha mbele cha gari, leso ya Mzee na karatasi iliyokunjwa, ndani yake karafuu. Mzee alikuwa akizitafuna kabla ya kuingia ndani ili mkewe asisikie harufu ya sigara. Bi Zule akainusa karatasi ile, akasema, "Na mie nlikuwa najua siku zote," akacheka kidogo, halafu akalia mpaka nikaogopa.

Injini iliamka zikiwa zimebaki siku sita. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, mama yake Nassor akapiga kelele tutamchomea nyumba, kisha ikatulia na kunguruma sawasawa. Nassor alinitazama upande wa pili wa boneti na uso mzima una masizi, na nilijua pale pale kwamba nitaolewa na mtu huyu. Tukanawa mikono, tukasali alasiri, tukaitoa barabarani kuijaribu. Tulikuwa tumesema tutafika kona ya kwanza tu. Tukaipita. Tukaipita na Kilimani, madirisha yameshushwa, buibui langu linapiga makofi kwa upepo, watu wanageuka kututazama, na gari inakwenda, wallahi inakwenda, gari iliyokuwa banda la kuku. Tulifika mjini bila ya kukubaliana kuwa tunakwenda mjini. Nassor akasimama kwenye kiwanja cha konani, akazima injini, tukakaa tunacheka kama wendawazimu. Nami nikataka Bi Zule ajue. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, kwamba ajue sasa hivi, asingoje mpaka nipande ngazi. Nikanyoosha mkono mbele ya kifua cha Nassor nikapiga honi, mara mbili fupi na moja ndefu.

Kicheko kilimkauka Nassor kabla yangu. "Umefanya nini, Mwana?" aliniuliza. Nilifungua mlango nikakimbilia kichochoroni. Dirisha la juu, lililokuwa na komeo tangu siku ya maziko, lilikuwa wazi, na kikapu kilikuwa kinashuka. Kilikuja polepole, kikizunguka, mpaka kikasimama usawa wa kifua cha mtu na kukaa pale hewani. Kamba ilikuwa imetulia. Wazee watatu waliokuwa barazani walikuwa wameshika vikombe vyao vya kahawa, na hakuna hata mmoja aliyetazama juu. Nilisimama pale. Ikiwa kikapu kitapanda kitupu, je? Na kama hakikupanda kabisa? Ndipo Mzee Kheri, aliyekuwa jirani yao wa mlango wa pili na rafiki wa marehemu, akainuka. Alikuwa na mikate miwili ya boflo aliyowanunulia watu wake, imefungwa kwenye gazeti. Akaenda mpaka kwenye kikapu, akaiweka ndani, akavuta kamba mara moja. Kikapu kikapanda. Aliporudi alinipitia karibu sana, machozi yamo machoni, akaninong'oneza, "Kapande juu kwa bibi yako. Na weye hukuona kitu."

Nilipofika juu nilimkuta Bi Zule ameketi chini ya dirisha, kamba imelala mapajani mwake na mikate ameikumbatia. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu kabla ya Mzee kuugua. "Kaja," aliniambia. "Mwanahawa, kaja. Kaleta na mikate." Nilikuwa bado nahema kwa ngazi. Akaniuliza, "Weye umetoka chini sasa hivi. Umemwona nani?" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Maneno yalikuwa mepesi: ni mimi, Bi, gari imepona, nisamehe. Nikasema, "Sikuona mtu, Bi." "Na honi?" "Sikusikia honi." Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba ilikuwa huruma, kwamba sikuweza kuuvunja uso ule. Huruma ilikuwepo, lakini zaidi ilikuwa woga. Niliogopa atanitazama vipi. Akauvunja mkate mmoja nusu kwa nusu, akanimiminia chai, akanipa fungu langu, akasema, "Bismillahi, kula." Yeye akala wote, hata makombo ya mapajani akayaokota. Nami nikala.

Baada ya siku ile alilala usiku. Aliwaambia wanawake waliokuja kumtazama, "Hamdan kaja kuniaga," akiwaambia kwa utulivu kama anayetoa habari ya mgeni aliyepita njia, nao wakajibu alhamdulillahi, wakainamisha macho kwenye sahani zao. Wote walikuwa wanajua. Waume zao walikuwa barazani, watoto wao walikuwa konani wanaigusagusa gari. Nilimsikia mmoja ngazini akisema, "Si tumwambie?" na mwenzake akamjibu, "Umwambie nini? Mwache, mtu anakula." Hivyo ndivyo mtaa ulivyomsitiri Bi Zule, na mimi nikiwa ndani ya sitara ile ile bila ya kustahiki. Lakini gari sasa ilikuwa haina pa kwenda. Tukimletea siku ya kutoka, atasikia injini, ataona taa zinawaka na honi iko mahali pake, na atajua imeweza kufika konani siku sita kabla. Tusipomletea, ahadi imevunjika. Nassor alitaka tuseme ukweli. Tuligombana uani kwake mbele ya mama yake, ugomvi wetu wa kwanza, na nikamwapia kuwa akisema sitamtazama tena usoni. Akaingiza gari bandani, akaifunika.

Siku ya mia na thelathini, asubuhi, wanawake walimkogesha, wakamvisha kanga mpya, wakamfukiza udi ambao pua zetu zilikuwa zimeusahau. Alishuka ngazi mwenyewe, mkono ukutani. Mlangoni akasimama, akatazama upande wa konani, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Gari je?" Nikasema, "Haikuwaka, Bi. Tumejitahidi, imekataa." Niliutazama mkono wake, ulivyokuwa umeshika ncha ya kanga. "Basi," akasema, "miguu ipo." Akaondoka nayo kuelekea Mbweni, na sisi nyuma yake, mwendo wa saa mbili na ushei kwa hatua zake, juani, mama wa miaka sitini. Alitazama bahari. Ua wa akina Nassor ulikuwa hauko mbali na pale tuliposimama, na gari ndani yake ilikuwa inang'aa.

Aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Mimi na Nassor tulioana, na mtoto wetu alipozaliwa nikamwita Hamdani, Bi Zule akambeba siku ya saba na kumtilia wanja. Hakuiulizia gari tena. Nassor alikuwa akiiwasha kila wiki, akaifungua na kuifunga upya mara sijui ngapi, lakini mjini hakuwahi kuipeleka, na Bi Zule alipofariki bado hakuipeleka. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa nikilala chini, kando ya kitanda chake. Siku moja, amepata nafuu, nikaona kama sikusema leo sitasema. Nikamwambia, "Bi, nna jambo. Ile siku ya honi..." Akautoa mkono kwenye shuka akaniziba mdomo. Kiganja kilikuwa cha moto kwa homa. "Hilo usinambie, mwanangu." Nikajaribu kuuondoa. Akakaza. "Nshakwambia usinambie. Nipe maji." Nikampa maji. Nilitoka kwenye chumba kile na hasira ya mtu aliyenyimwa haki yake, maana nilikuwa nimekuja kuutua mzigo, na yeye akanirudishia. Nassor siku zote alishikilia kuwa Bi Zule alijua toka mwanzo, kwamba mke aliyeisikia honi ile kila alasiri hawezi kudanganywa na mkono mwingine. Mimi nilisema hakujua. Tulibishana hilo maisha yetu yote, mpaka akiwa hospitalini katika siku zake za mwisho.

Jana baada ya alasiri gari iliwaka bandani. Si zile tatu, ile ndogo. Naijua inavyokohoa kabla ya kushika. Hamdani yuko Pemba tangu juzi, na jana ilikuwa Jumatano, si siku ya wenzake marehemu kuja. Nilikuwa kwenye mkeka, nimeshika tasbihi, na kabla sijafikiri kitu nikawa nishasimama, najifunga kanga sawasawa, natafuta kwa macho vikombe vya chai. Mke wa Hamdani akaja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akatia kichwa mlangoni. "Mama," akasema, "huyo bandani ni..." Nilimnyooshea kiganja, asinambie. Akanyamaza, akanishangaa. Tukasimama hivyo, yeye mlangoni na mimi katikati ya chumba, mpaka injini ilipozimwa, kisha nikamwambia arudi jikoni.